Ukuta wa Ubongo na Dawa za Miti

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumwona mtoto aliyeshikwa na degedege: homa kali, macho yamegeuka juu, meno yameumana. Wazee walisema amepitiwa na ndege. Si kila degedege ni malaria ya ubongo, lakini huwezi kuzitenganisha ukiwa nyumbani. Basi tutazame kidogo ndani ya kichwa cha mtoto huyo.

Mwaka 1885 daktari Mjerumani, Paul Ehrlich, alitia rangi katika damu ya wanyama. Viungo vyote vikashika rangi, ila ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alitia rangi katika maji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ukashika rangi, na viungo vingine vikabaki vilivyo. Kumbe kati ya damu na ubongo pana ukuta! Si wa mawe. Ni chembe za ndani ya mishipa myembamba ya damu, zilizobanana kama mkeka uliosukwa na fundi. Sukari na oksijeni hupita, lakini sumu nyingi, hata na dawa nyingi, hurudishwa mlangoni.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mtu mzima, lakini hula sehemu 20 katika 100 za oksijeni yake. Na oksijeni, pamoja na kutupa uhai, hutia namna ya kutu, kama ile inayokula jembe lililosahauliwa shambani. Mwili huifuta kutu hiyo kila siku. Katika malaria ya ubongo, chembe nyekundu zenye vijidudu hunata ndani ya mishipa ile; kutu huzidi, mkeka hufumuka, maji huvuja, ubongo huvimba.

Hapo ndipo jirani huja na mizizi. Nasi hatumcheki, maana miti ina mengi. Iko jamaa moja ya vitu vya mimea iitwayo steroidi. Vingine twavila kila siku katika karanga na maharage. Kimoja, diosijenini, kimo katika viazi fulani vya mwituni na katika uwatu. Panya wa maabara waliopewa hicho wameonekana kupungukiwa na kutu. Lakini katika jamaa hiyo hiyo yumo ndugu mbaya, sumu ya msunguti ipakwayo kwenye mishale, nayo husimamisha moyo. Chungu cha mizizi hakikuambii umepika yupi, wala kiasi gani.

Katika miaka ya 1940 Mmarekani Russell Marker alitumia diosijenini ya viazi vya mwituni vya Meksiko kutengeneza homoni, na viwanda vikafuata njia hiyo kutengeneza steroidi za hospitali. Moja ya jamaa hii, deksamethasoni, hupunguza uvimbe wa ubongo katika magonjwa mengine. Waganga wakatumaini itafaa na kwa malaria. Ikajaribiwa Thailand kwa wagonjwa 100 waliokuwa wamezimia. Majibu yalitolewa mwaka 1982: haikupunguza vifo, na waliopewa dawa walikawia zaidi kuzinduka. Na hiyo ilikuwa dawa safi, iliyopimwa kwa sindano!

Dawa iliyofaa ilitoka katika mmea mwingine, usio wa jamaa hii: pakanga ya Kichina. Sindano yake yaitwa artesuneti. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba, kati ya watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika waliokuwa na malaria kali, waliotibiwa kwa artesuneti walikufa 8.5 katika 100, na waliopewa kwinini 10.9. Na ajabu yake ni kwamba dawa hii huamsha kutu ndani ya kijidudu chenyewe. Chai ya majani ya pakanga si sawa na sindano hiyo.

Mtoto akishikwa, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote kinywani, mkimbize zahanati. Pasipo na sindano, aliye chini ya miaka 6 huweza kutiwa artesuneti kwa njia ya haja kubwa, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.