Dawa Mseto za Malaria: Tofauti Zake na Wajibu wa Kumaliza Dozi

Msimu wa mvua, waamini wengi hutuuliza kwa nini mgonjwa mmoja wa malaria humeza vidonge 24 na mwingine humeza mara moja tu kwa siku, ilhali ugonjwa ni uleule.

Malaria isiyo kali, yaani ile ambayo mgonjwa ana fahamu na aweza kumeza, hutibiwa kwa dawa mseto: dawa mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni ya jamii ya artemisinini, itokanayo na mmea wa artemisia. Huua vimelea wengi kwa haraka, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Ya pili hukaa muda mrefu na kuwamaliza waliosalia.

Tanzania Bara, dawa ya kwanza tangu mwaka 2006 ni artemeta na lumefantrini, maarufu kama ALu. Hutolewa dozi 6 kwa siku 3: ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Yafaa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwani bila mafuta mwili hufyonza lumefantrini kidogo. Artesunati na amodiakwini, iliyochaguliwa Zanzibar mwaka 2003, humezwa mara moja kwa siku. Vivyo hivyo dawa yenye piperakwini, ambayo hukaa mwilini kwa majuma kadhaa na kuchelewesha maambukizo mapya; lakini baadhi ya wagonjwa wa moyo hawapaswi kuitumia. Kwa hiyo mhudumu wa afya ndiye anayechagua.

Zote hudai siku 3 kamili. Homa ikishuka siku ya pili, wengine huhifadhi vidonge au humgawia jirani. Huo si ukarimu: wote wawili hubaki na vimelea. Klorokwini ilishindwa hivyo mbele ya usugu, na Tanzania Bara ikaiacha mwaka 2001. Leo dalili za usugu dhidi ya artemisinini zimethibitishwa nchini Rwanda, Uganda, na mkoani Kagera.

Basi tunawasihi: tupime kwanza, tumeze kwa saa, tumalize. Na mgonjwa akipata degedege, akitapika kila kitu au akipoteza fahamu, hiyo ni malaria kali. Apelekwe hospitali mara moja.