Mwanao ameitwa kusomea afya ya umma? Usikunje uso

Na Mwandishi Wetu

KILA Januari matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mitaa yetu hujaa madaktari wa kesho. Mama akianika nguo humwambia jirani kwamba wa kwake ameshapita na kilichobaki ni koti jeupe tu. Miezi michache baadaye KUCCPS, shirika linalowateulia wanafunzi nafasi vyuoni, hutoa orodha yake, na hapo ndipo nyumba nyingine hupata habari wasiyojua waishangilie au waililie. Kijana ameitwa chuo kikuu, ndiyo, lakini si kusomea udaktari. Ameitwa kusomea afya ya umma.

"Sasa hiyo ni kazi gani?" baba huuliza. "Utakuwa daktari au hutakuwa?" Kijana hujikuna kichwa. Mjomba aliyekuja kunywa chai hudakia kwamba hao si ndio mabwana afya, wale wanaofunga vibanda vya chakula na kumwaga uji wa watu mtaroni! Basi nyumba nzima hunyamaza.

Mjomba hajakosea kabisa. Bwana afya kweli hukagua vibanda, na mamlaka hayo ameyapata kwa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo imekuwapo humu nchini tangu mwaka wa 1921. Mwenye jumba la kukodisha ambaye maji machafu ya vyoo vyake yanatiririka barabarani aweza kupewa ilani, na akikaidi, akajikuta mbele ya hakimu. Lakini kumpima mtu wa kazi hii kwa sufuria ya uji ni sawa na kumpima mwalimu kwa kiboko. Ni sehemu inayoonekana, na huenda ndiyo ndogo kuliko zote.

Tofauti yake na daktari ni hii. Daktari ana mgonjwa mmoja mbele yake, amelala kitandani, naye humuuliza anaumwa wapi. Mtu wa afya ya umma mgonjwa wake ni mtaa mzima, au wilaya, na mara nyingi mgonjwa huyo hajui kwamba anaumwa. Swali lake ni jingine: ni nani wanaougua, wanaishi wapi, wamekula nini, na kwa nini jirani yao aliye hatua kumi tu hakuugua?

Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Katika miezi ya kwanza ya mwaka wa 2004, hospitali za Makueni na Kitui zilianza kupokea watu wenye macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. Maini yao yalikuwa yakishindwa kufanya kazi. Wengine walikuwa watoto. Daktari wodini alifanya aliloweza, na aliloweza lilikuwa dogo, kwa maana ini likishaharibika kiasi hicho hakuna sindano ya kulirudisha. Kufikia Julai 20 mwaka huo wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na kati yao 125 walikuwa wamefariki.

Kilichofuata hakikufanyikia wodini. Wachunguzi wa Wizara ya Afya wakishirikiana na wenzao kutoka ng'ambo walikwenda vijijini. Waliwachukua wagonjwa 40, kisha wakatafuta watu wengine 80 ambao hawakuugua, wakawauliza wote maswali yale yale: mahindi yenu mliyavuna lini, mliyaanika vipi, mnayaweka wapi? Walichota mahindi nyumbani kwa watu wakayapeleka maabara. Majibu yalipolinganishwa, jambo likajitokeza. Nyumba za wagonjwa ndizo zilizokuwa zimeweka mahindi yangali na unyevu. Nafaka ya namna hiyo huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kuchemshwa. Baadhi ya mahindi yalikuwa na sumu kufikia sehemu 4,400 katika bilioni, ilhali kiwango kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa 20.

Wachunguzi hawakuishia majumbani. Walizuru masoko 65 ya eneo hilo, wakapima mahindi na unga kutoka kwa wauzaji 243. Zaidi ya nusu ya vyakula hivyo vilizidi kiwango. Kwa hivyo mtu ambaye mahindi yake mwenyewe yalikuwa salama angeweza kuinunua sumu kwa fedha zake sokoni. Serikali ililazimika kuyaondoa mahindi mabovu na kuwapa watu mengine.

Linalouma zaidi ni kwamba halikuwa jambo geni. Mwaka wa 1981, katika wilaya jirani ya Machakos, watu 20 waliugua vivyo hivyo na 12 wakafariki. Miaka 23 katikati, na somo lilikuwa tayari limeandikwa! Msomaji akiuliza kwa nini nchi inahitaji watu wa kuketi na kufuatilia mahindi yanavyokaushwa, na mvua inanyesha lini, jibu ni hilo.

Hiyo ndiyo kazi ambayo shahada ya kwanza ya afya ya umma humtayarisha mtu kuianza. Kwa kawaida ni kozi ya miaka 4. Hutolewa katika vyuo kadhaa vikiwemo Moi, Maseno, Kenyatta na Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia, ingawa jina la shahada halifanani kila mahali. Kwingine huitwa afya ya umma, kwingine afya ya mazingira, na kuna wanaoongeza maendeleo ya jamii. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, hutoa diploma katika uwanja huo huo, na wengi wa mabwana afya unaowaona mitaani walianzia huko.

Anayeingia akidhani amekimbia hesabu atashtuka. Takwimu ndizo uti wa mgongo wa kozi hii. Mwanafunzi hujifunza kuhesabu wagonjwa, lakini pia kuhesabu wasiougua, na kujua ni lini idadi iliyopanda ni mlipuko na ni lini ni wiki mbaya tu. Kuna somo la mienendo ya magonjwa, la wadudu waenezao maradhi, la maji na maji taka, la usalama wa chakula, la lishe, la afya kazini, na la sheria. Kuna pia somo la tabia za watu, ambalo wanafunzi hulidharau mwaka wa kwanza na kulikumbuka baadaye.

Na hulikumbuka wakiwa nyanjani. Moja ya mbinu watakazokutana nazo ilibuniwa nchini Bangladesh mwishoni mwa miaka ya 1990 na Kamal Kar, mtaalamu kutoka India, nayo imetumika sana humu nchini. Badala ya afisa kufika kijijini na kuwaamuru watu wachimbe vyoo, yeye huwaomba wamtembeze kijiji chao, hasa vichakani wanakojisaidia. Kisha wanakijiji wenyewe hupiga hesabu: kila nyumba hutoa kiasi gani cha kinyesi kwa wiki, kwa mwezi, na mvua ikinyesha kinakwenda wapi? Hesabu ikishuka hadi kisimani, mara nyingi haihitajiki hotuba tena. Mzazi aliyetarajia koti jeupe huenda asifurahi kusikia kwamba mwanawe anafunzwa kutembelea vichaka. Lakini kipindupindu na homa ya matumbo hutoka huko, si kwingineko.

Sasa tuingie katika jambo ambalo wazazi huuliza kwa sauti ya chini: je, kazi ipo?

Ipo, lakini haiko mahali pamoja, na haimngoji mtu. Mwajiri anayefahamika zaidi ni serikali ya kaunti. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, Katiba imeziachia kaunti huduma nyingi za afya, zikiwemo kudhibiti wauzaji wa vyakula, kuzoa taka, na hata makaburi na nyumba za kuhifadhia maiti. Yote hayo yanamhitaji bwana afya. Mwaka wa 2023 Serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii karibu 100,000 wa kutembelea watu nyumbani, na jeshi kama hilo linahitaji wa kulielekeza na wa kuzisoma takwimu linazoleta.

Kuna kazi za mipakani na bandarini, katika Mombasa, Namanga, Busia na viwanja vya ndege, ambako maafisa wa afya huwakagua wasafiri na shehena. Wakenya wengi hawakuwa wakiwatambua watu hawa hadi Machi 2020 korona ilipoingia nchini. Kuna viwanda, ambavyo sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 huvitaka vilinde wafanyakazi wao, na makampuni ya vyakula yanayohitaji mtu wa kusimamia usafi tangu malighafi hadi kwenye pakiti. Kuna utafiti: taasisi ya KEMRI, iliyoanzishwa mwaka wa 1979, ina vituo Kisumu na Kilifi ambako vijana wenye shahada huanza kwa kukusanya habari vijijini na baadhi yao huishia kuongoza tafiti. Na kuna kazi ya takwimu zenyewe. Tangu mwaka wa 2011 vituo vya afya nchini huripoti kupitia mfumo mmoja wa kompyuta, na anayejua kuusoma mfumo huo na kugundua kwamba kuna kasoro ana bei yake.

Anayetaka kusonga mbele huenda kwenye shahada ya pili, au, akishakuwa kazini, kwenye mpango wa kitaifa wa kufunza wapelelezi wa magonjwa ulioanzishwa mwaka wa 2004, mwaka ule ule wa mahindi ya Makueni.

Nimeyaacha mashirika yasiyo ya kiserikali hadi mwisho makusudi. Kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa ndoto ya wahitimu, hasa miradi ya Ukimwi, kifua kikuu na malaria iliyolipiwa na Marekani. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa kaunti, na gari lilikuwa la mradi. Kisha Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Maelfu ya Wakenya wa sekta ya afya walipokea barua za kuachishwa kazi, baadhi yao wakiwa na mikopo ya benki na watoto shuleni. Si busara tena kumwambia kijana kwamba mradi utamngoja.

Na upande wa serikali nako kuna mwiba. Mwaka wa 2025 wahudumu wa afya wa kada mbalimbali, walioajiriwa kwa kandarasi mwaka wa 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote, walipiga kambi nje ya makao makuu ya wizara jijini Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Kandarasi ya miaka 3 inayorefushwa mara kwa mara si ajira ambayo mtu anaweza kujengea nyumba. Kwa maoni yangu, hapa ndipo nchi inapojidanganya: tunawafunza watu wa kuzuia magonjwa, kisha tunawaacha nje, halafu tunanunua dawa kwa bei ya juu.

Kwa hivyo, mzazi na kijana, kabla ya kukubali nafasi, kuna jambo moja ambalo kulikosa ni kosa la gharama. Tangu mwaka wa 2013 kuna sheria inayosimamia mafunzo, usajili na leseni za maafisa wa afya ya umma, na baraza lake hujulikana kama PHOTC. Anayetaka kuitwa afisa wa afya ya umma, akague na kutoa ilani, sharti asajiliwe na baraza hilo na awe na leseni. Shahada yenye jina zuri ambayo baraza haliitambui itamwezesha kijana kuvaa joho siku ya mahafali, lakini haitampa leseni. Usiridhike na neno la karani wa chuo wala na bango la barabarani. Uliza baraza lenyewe iwapo kozi hiyo, katika chuo hicho, imeidhinishwa.

Ikiwa nia ya kijana ni utafiti, takwimu au kampuni ya vyakula, huenda leseni isimzuie sana, lakini na aamue hivyo akijua. Aulize pia wanafunzi wa mwaka wa 4, si wa kwanza, walipelekwa wapi kwa mafunzo ya nyanjani na kwa majuma mangapi. Chuo kinachowaweka darasani miaka yote 4 kinawanyima sehemu bora ya kozi. Aulize maabara ya maji na chakula iko wapi, na aombe kuiona. Aulize gharama za usajili baada ya kufuzu, kwa kuwa haziingii katika karo.

Na anayeona kwamba kweli moyo wake haumo asingoje hadi siku ya kuripoti chuoni na sanduku mkononi. KUCCPS hufungua nafasi ya kuomba uhamisho wa kozi au chuo baada ya orodha kutoka, na muda wake huwa mfupi.