Aisilandi: Nchi Inayojitengenezea Mchana

Aisilandi ni kisiwa kilichopo kaskazini ya mbali ya Bahari ya Atlantiki, kati ya Norwei na Grinlandi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 103,000, kwa hiyo Tanzania inaizidi mara tisa. Wakazi wake hawafiki 400,000, yaani si hata nusu ya watu wa Manispaa ya Kinondoni, na wengi wao wanaishi Reykjavík, mji mkuu, na miji inayoizunguka. Kilele kirefu kuliko vyote ni Hvannadalshnjúkur, chenye mita 2,110. Barafu kubwa ya Vatnajökull peke yake inafunika karibu asilimia 8 ya nchi nzima. Bunge lao, Althing, lilianza mwaka 930 katika uwanda wa Þingvellir. Walikuwa chini ya mfalme wa Denmark hadi walipotangaza jamhuri tarehe 17 Juni 1944. Mwaka 1980 walimchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais, mwanamke wa kwanza duniani kushika urais kwa kura za wananchi. Hawana jeshi. Wanaishi kwa samaki, aluminiamu na watalii, na fedha yao ni krona.

Hayo yote yamo katika vitabu vya jiografia, na anayetaka mengine atayapata huko. Mimi nimerudi na jambo moja kichwani, nalo ni nyanya.

Lazima kwanza msomaji aielewe Desemba ya huko. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi, tukadhani ndivyo dunia ilivyo. Tarehe 21 Desemba jua la Reykjavík linachomoza karibu saa 5:20 asubuhi na kuzama saa 9:30 alasiri. Na katika hayo masaa manne halipandi juu hata kidogo. Linaambaa ukingoni mwa bahari, hafifu, halafu linaondoka. Watoto wanakwenda shule gizani. Nje kuna theluji, upepo na ardhi nyeusi ya volkano ambayo haioti kitu. Sasa ingia dukani siku hiyohiyo: nyanya mbichi, matango, pilipili hoho, saladi, vyote vimelimwa humohumo nchini, vingine vimechumwa jana.

Nilikwenda Hveragerði kuona vinatoka wapi. Ni mji mdogo kusini-mashariki ya Reykjavík, na kufika unavuka nyanda za juu zenye theluji. Tulianza kuteremka jioni, na kabla hatujaiona nyumba hata moja tuliona mawingu ya rangi ya chungwa. Ulikuwa mwanga wa vitalu nyumba unaopenya kwenye vioo na kupiga angani. Vivyo hivyo Flúðir na Reykholt, vijiji vya wakulima vilivyo mbele zaidi: gizani unavitambua kwa mwanga wa mboga zao.

Ukifungua mlango wa kitalu nyumba unavua koti papo hapo. Joto ni la Tanga mwezi wa Julai, nyuzijoto 20 na ushei, na hewa ina ule ukali wa jani la nyanya unaobaki vidoleni. Juu zimepangwa taa za sodiamu, safu kwa safu, nyingine za wati 600, nyingine za wati 1,000. Ni aina ileile ya taa za njano zilizokuwa zikimulika barabara zetu kuu, ila hapa zimening'inizwa juu ya majani na mng'ao wake unakufanya ukunje uso. Vitalu vingine vimeingiza taa za LED, ambazo zinakula umeme kidogo zaidi na kutoa mwanga mwekundu na wa buluu, kwa kuwa ndizo rangi ambazo jani linazitumia zaidi katika usanisinuru. Ukiwa humo kila kitu ni zambarau, hata mikono yako.

Nyanya humulikwa saa 16 hadi 18 kwa siku, kisha taa zote huzimwa. Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu nikimsikiliza mkulima. Ukiiwashia nyanya taa mchana na usiku bila kupumzika, haikui haraka zaidi; majani yanageuka njano na kuchakaa. Tango linavumilia zaidi, lakini nyanya inadai usiku wake. Kwa hiyo katika nchi ambayo Desemba ina giza la saa 20, mkulima anatengeneza mchana kwa taa, na halafu anapanga pia saa za giza.

Mmea wenyewe haugusi udongo. Mizizi imo katika mifuko au vyombo vyenye mawe mepesi ya volkano yenye matundu, ambayo nchi hiyo inayo tele, na mirija myembamba inadondoshea kila shina maji yenye mbolea iliyopimwa. Shina linapanda kwenye uzi uliofungwa juu. Kila linapofika kileleni mkulima anaulegeza uzi na kulishusha, na sehemu ya chini, isiyo na majani tena, inalazwa sakafuni ikizungushwa kama kamba ya nanga ya jahazi. Shina moja linaweza kupita mita kumi, nalo bado linazaa kule juu, vishada vya nyanya vikiwa sawa na kifua cha mchumaji. Kati ya safu mbili kuna mabomba mawili ya maji ya moto yaliyolazwa chini. Ndiyo yanayopasha joto, na ndiyo reli: toroli la kuchumia linateleza juu yake kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho. Sijaona kitu kimoja kikifanya kazi mbili vizuri namna ile.

Ua la nyanya linahitaji kutikiswa ndipo chavua idondoke. Kazi hiyo wanaifanya nyuki wakubwa wenye manyoya, wanaoletwa kutoka Uholanzi ndani ya masanduku ya kadibodi. Unamwona mmoja analikumbatia ua, analitetemesha kwa misuli ya mabawa, anahamia jingine, huku nje ya kioo upepo unapeperusha theluji. Wadudu waharibifu nao wanakabiliwa kwa wadudu wenzao wanaowala. Katika shamba la Friðheimar, Reykholt, mambo yote hayo yako wazi kwa mgeni. Wamiliki wake, Knútur Rafn Ármann na Helena Hermundardóttir, walilinunua mwaka 1995, na leo wageni wanakaa mezani katikati ya minyanya wakinywa supu ya nyanya zilizochumwa hatua chache kutoka walipoketi.

     

Turudi kwenye maji ya moto, maana taa bila joto zisingefaa kitu. Aisilandi imekaa juu ya ufa ambapo vipande viwili vya gamba la dunia vinaachana, sentimita mbili hivi kila mwaka, na chini yake mwamba unachemka. Chemchemi ya Deildartunguhver inatoa lita 180 za maji kwa sekunde, yakiwa na nyuzijoto 97. Mwaka 1924 mtu alijenga kitalu nyumba cha kwanza cha kupashwa na maji ya namna hiyo, na mwaka 1930 Reykjavík ikaanza kuyaingiza majumbani, ikianzia na shule. Leo karibu nyumba tisa katika kila kumi zinapashwa kwa jotoardhi. Umeme wao karibu wote unatokana na maporomoko ya maji na mvuke wa ardhini. Hata hewa ukaa, ambayo mimea huila, katika eneo la Grímsnes inatoka kisimani pamoja na maji ya moto. Inasafishwa, inauzwa kwa wakulima, na kupulizwa ndani ya vitalu ili mavuno yaongezeke.

Lakini ardhi yenye moto haitoshi, na hapa ningependa wakubwa wetu wa kilimo wasome kwa utulivu. Hadi mwaka 2002 nyanya, matango na pilipili hoho kutoka nje zilitozwa ushuru mkubwa. Mwaka huo serikali iliufuta, na badala yake ikakubaliana na wakulima kuwalipa ruzuku moja kwa moja na kuwasaidia gharama ya kusafirishiwa umeme wa taa zao. Wakulima hawakufunga vitalu. Waliongeza taa. Kampuni yao ya masoko, ambayo ni yao wenyewe tangu mwaka 1940, inaweka kwenye pakiti jina la shamba lililolima. Mama anayenunua matango manne anajua yametoka kwa nani, na mkulima anajua kwamba tango baya litarudi na jina lake.

Nikiwa kule nilikuwa nikiikumbuka Ilula. Kila anayepita barabara kuu ya Iringa anaijua: matenga ya nyanya yamepangwa kando ya lami, na msimu ukichanganya bei inaanguka mpaka mkulima anaona afadhali aziache shambani. Zinazofika mjini zimebanana ndani ya tenga, za chini zimepasuka, na nusu ya safari imezifanya masalo. Miezi michache baadaye nyanya hakuna, na fungu la nyanya nne linauzwa kwa bei ya kulilia. Jua tunalo saa kumi na mbili kila siku, hatulilipii senti. Kilichotushinda ni mpangilio: nani apande lini, zifungwe katika nini, ziuzwe kwa nani, zilizozidi zifanywe nini. Waaisilandi wanakausha vichwa vya samaki kwa joto la ardhini na kuvisafirisha hadi Nigeria, vichwa ambavyo wao wenyewe kwa kawaida hawavili. Sisi tumeshindwa kuianika nyanya ya Ilula.

Vitalu nyumba navyo tulivinunua, tena kwa mikopo, miaka ile kila kijana alipoambiwa atatajirika ndani ya msimu mmoja. Vingi nimeviona nailoni imechanika, nguzo zimesimama. Mnyauko bakteria uliingia udongoni, mdudu aitwaye kantangaze akaingia kwenye majani, na hakuna aliyekuja kumfundisha mkulima kuachana na udongo ule au kutumia mdudu dhidi ya mdudu. Tulileta jengo, maarifa tukayaacha.

Wengine wa ukanda wetu wameamka. Wakenya walianza kuzalisha umeme wa mvuke Olkaria mwaka 1981, na pale Naivasha shamba la maua la Oserian limetumia joto na hewa ukaa ya visima vya jotoardhi katika vitalu vyake. Uhusiano wao na Aisilandi una sura nyingi. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull iliporusha majivu na kufunga anga la Ulaya, maua na mboga za Kenya ziliozea maghalani kwa kukosa ndege. Lakini Aisilandi hiyohiyo ndiyo iliyowafundisha wahandisi wao. Tangu mwaka 1979 ina mafunzo ya jotoardhi kwa nchi zinazoendelea, na hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya.

Bonde la Ufa halikuishia Namanga. Tunazo chemchemi za Songwe, tunalo Ziwa Ngozi, tunayo Kiejo-Mbaka kule Rungwe, na hatujazalisha hata wati moja ya jotoardhi. Sisemi tuanze kuning'iniza taa. Jua letu linatosha na kubaki. Ila Makete na Njombe kuna baridi inayochoma mboga mwezi wa Juni na Julai, na Mbeya maji ya moto yanatiririka bure hadi mtoni. Bomba, kitalu nyumba na mtu aliyefundishwa vingetosha kuanzia, na maji hayohayo yangekausha vitunguu na nyanya za Ilula wakati wa neema.

Katika chuo cha bustani cha Reykir, karibu na Hveragerði, nilionyeshwa migomba. Imo ndani ya kioo, inamiminiwa joto la chemchemi, na ndizi zake zinakawia sana kukomaa kuliko za Bukoba kwa uhaba wa jua. Haziuzwi. Wanaitunza ili wanafunzi wajifunze, miongo mingi sasa, na mikungu niliyoiona ilikuwa imejaa.

Mafunzo ya jotoardhi niliyoyataja yanaendelea hadi leo chini ya mwavuli wa UNESCO. Yanachukua miezi kama sita, na anayeteuliwa hupendekezwa na taasisi anayofanyia kazi. Kama wewe ni mhandisi, mjiolojia au bwana shamba wa Mbeya, Songwe au Njombe, peleka barua kwa mwajiri wako wiki hii uombe kupendekezwa, na umweleze kwamba hutafuti umeme peke yake: unataka kujifunza jinsi maji ya moto yanavyolima mboga.