Rangi ya Chekechea: Tuwakinge Watoto na Sumu ya Risasi

Vijiji vingi vya Ufipa sasa vina darasa la awali au kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Wazazi wakishafyatua matofali, wakaezeka bati na kuchonga viti vidogo, neno linalofuata ni hili: "Tupake rangi, watoto wapende kuja." Hilo ni jambo jema. Lakini hatuna budi kuchagua rangi kwa akili, kwa sababu baadhi ya rangi zina sumu. Sumu hiyo haiumi siku ya kwanza. Hudhuru ubongo wa mtoto polepole, na ubongo ukishadhurika haurudi kama ulivyokuwa.

Sumu hiyo ni risasi.

RISASI NI NINI?

Risasi ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Imo katika betri za magari. Kwetu si kitu kigeni. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi uliokuwako huko. Mpanda nayo ilikuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa mpaka Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012.

Watengenezaji wa rangi walitia risasi ili rangi ing'ae, ikauke upesi, na izuie chuma kushika kutu. Hupatikana zaidi katika rangi za mafuta, hasa za manjano, nyekundu, machungwa na kijani. Hizo ndizo rangi tunazopenda kuwapakia watoto!

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1904 daktari wa macho J. Lockhart Gibson, wa mji wa Brisbane huko Australia, alieleza kwamba watoto waliokuwa wakiugua walipata sumu kutokana na rangi ya kuta na ya vizuizi vya baraza za nyumba zao. Rangi ilikuwa imegeuka unga, unga ukashika vidoleni, na vidole vikaingia mdomoni. Mwaka 1922 jimbo lao la Queensland likatunga sheria ya kuzuia rangi hiyo mahali ambapo mikono ya watoto hufika. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka 1978.

Hapa Tanzania, shirika la AGENDA la Dar es Salaam limepima rangi za mafuta zilizonunuliwa madukani, zaidi ya mara moja, na kukuta baadhi zina risasi kupita kiasi. Kwa hiyo tusidhani kwamba jambo hili ni la nchi za mbali.

KWA NINI WATOTO WADOGO?

Mtu mzima hali rangi. Mtoto wa miaka 2 au 3 huila bila kujua. Hukaa sakafuni, huuma ukingo wa kiti, hunyonya vidole, hubandua ganda la rangi ukutani na kulionja. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Tena hiyo ndiyo miaka ambayo ubongo wake unajengwa.

Mtoto mwenye sumu nyingi ya risasi huumwa tumbo, hufunga choo, hupungukiwa damu, huchoka na kuwa na hasira. Ikizidi sana hupata degedege, hupoteza fahamu, na anaweza kufa. Lakini wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Huchelewa tu kusema, hushindwa kutulia, husahau alichofundishwa. Baadaye akiwa shuleni tunamwita mvivu au mzito wa kuelewa, kumbe alidhuriwa na kiti alichokalia chekechea. Wataalamu hawajui kiasi chochote cha risasi katika damu ambacho ni salama.

KIASI GANI KATIKA RANGI?

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa hushauri kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika sehemu milioni moja za rangi. Tupime kwa mahindi. Sehemu 90 katika milioni ni sawa na gramu 9 katika gunia la kilo 100, yaani punje kama 30 tu katika gunia zima. Hata macho makali hayawezi kuona kiasi hicho. Rangi salama na rangi ya sumu hufanana ukutani. Ndiyo maana uchaguzi hufanyika dukani, kabla ya kufungua kopo.

CHAGUA HIVI

1. Ukuta. Tumia rangi ya maji, ile inayochanganywa na maji na si tina wala mafuta ya taa. Nunua kopo jipya lililofungwa, lenye jina la kiwanda na alama ya TBS, na lililoandikwa kwamba rangi haina risasi. Mwulize muuza duka bila haya: "Hii ina risasi?" Akisema hajui, na kopo halisemi, nenda duka jingine.

2. Kama fedha ni kidogo, chokaa inatosha. Udongo mweupe na mwekundu ambao mama zetu wanausiriba nyumbani unafaa pia, mradi usichimbwe karibu na gereji, jalala au machimbo ya madini. Wekundu wa udongo hutokana na chuma, madini yale ambayo mababu wa Kifipa waliyayeyusha katika malungu. Lakini chokaa mbichi huunguza ngozi na macho. Izimwe kwa maji na watu wazima, watoto wakiwa mbali, na wasiingie mpaka ukuta ukauke kabisa.

3. Viti, meza na vidude vya kuchezea. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu watoto hutafuna. Ni afadhali mbao zilizopigwa msasa vizuri na kuachwa bila rangi kuliko mbao zilizopakwa rangi usiyoijua.

4. Ubao. Kuna desturi ya kuponda betri kuukuu za redio na tochi ili unga wake mweusi upakwe ubaoni. Tuiache. Unga huo una kemikali zisizofaa kuguswa wala kuvutwa na watoto. Twanga mkaa wa kuni, changanya na maji ya majani mabichi ya viazi vitamu, upake ubao huo.

5. Rangi ya watoto kuchorea kwa vidole. Hakuna haja ya kununua. Pika uji laini wa unga wa mahindi au muhogo, utie chumvi kidogo, uache upoe. Gawa katika vikombe: kimoja tia manjano ya jikoni, kingine maji ya mchicha uliopondwa, kingine unga wa mkaa safi. Mtoto akilamba, hatadhurika. Tengeneza ya siku hiyo na imwagwe jioni, maana huchacha.

JIHADHARI NA RANGI YA BURE

Rangi ya hatari aghalabu hainunuliwi. Huja kama msaada. Katika kijiji kimoja fundi alileta kopo la rangi ya manjano iliyobaki baada ya kupaka tela la trekta.

"Mwalimu, hii ni bure, na mvua haiiondoi," alisema.

"Ahsante sana, fundi," mwalimu akajibu, "lakini viti hivi watoto wanavitafuna. Tusome kwanza kopo linasema nini."

Kopo lilikuwa limechakaa, halisomeki. Wakaliacha. Ndugu msomaji, huo ndio uamuzi tunaoutaka. Rangi ya magari, ya matrekta, ya alama za barabarani, na rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Kumshukuru mtu na kukataa kitu chake ni adabu, si dharau.

Vilevile, makopo matupu ya rangi yasitumiwe kuchota maji, kupima mahindi wala kupikia uji.

RANGI YA ZAMANI

Kama ukuta au dirisha lina rangi ya mafuta ya zamani ambayo haijabanduka, usiikwangue. Pakeni rangi salama juu yake. Kama inabanduka, ondoeni watoto wote na kina mama wajawazito kwanza, maana risasi hupita kwa mama na kumfikia mtoto tumboni. Lowanisheni kwa maji, kwangueni ikiwa mbichi, mtandike turubai chini ili mabaki yote yakusanywe. Msikwangue ikiwa kavu na msiichome kwa moto. Mabaki yafungwe na kufukiwa mbali na kisima na bustani. Fagieni kwa kitambaa kibichi, si kwa ufagio mkavu.

SIKU YA KUPAKA

Pakeni wakati wa likizo ya Juni. Wakati huo Ufipa hakuna mvua na rangi hukauka. Najua kuna baridi na watu hupenda kufunga madirisha, lakini yaacheni wazi siku zote za likizo ili harufu itoke. Watoto wasirudi ndani mpaka harufu iishe.

MIKONO NA CHAKULA

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya uji, kila siku. Wasikae na njaa muda mrefu, kwa kuwa tumbo tupu hunyonya risasi zaidi. Uji wa ulezi, maharage, mboga za majani, maziwa na dagaa huupa mwili chuma na chokaa ya mifupa, na hivyo hupunguza risasi inayonyonywa. Lakini chakula hakiwezi kuondoa kosa la rangi mbaya.

Ukimwona mtoto amekula maganda ya rangi, au ana dalili nilizotaja, mlete zahanati na utuambie habari ya rangi. Usipotuambia, tunaweza kudhani ni minyoo au malaria tu. Kipimo cha risasi ni cha damu, na sisi wa zahanati tutampa rufaa kwenda hospitali. Usimpe dawa za kienyeji za kusafisha tumbo.

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu, kamati ya shule ikikutana kuzungumzia rangi, mtu mmoja aulize swali moja: "Ina risasi?" Swali hilo halina gharama. Kinga ni bora kuliko tiba, na ubongo wa mtoto uliokwisha kudhurika hauna tiba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mtoto mdogo hudhurika na risasi kuliko mtu mzima?
2. Katika kijiji chenu, ni makopo gani ya rangi yanayotumiwa kwa maji au chakula? Mtafanya nini?
3. Viti vya watoto wenu vimepakwa rangi gani, na nani anajua ilitoka wapi?

Tabibu Msaidizi,
Zahanati ya kijiji, Wilaya ya Sumbawanga