Masomo ya Sanaa Huko Makerere

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba nieleze masomo ya sanaa yanayofundishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, kwa kuwa katika kidato chetu cha sita ni mimi peke yangu niliyeyaandika kuwa chaguo la kwanza. Nimekubali kwa furaha, tena nina haja yangu mwenyewe. Baba yangu hulisoma gazeti hili la shule kila linapotoka, naye hajaridhika bado na chaguo langu. Basi haya nawaandikia ninyi wenzangu, pamoja na wazee wetu mliotutangulia katika shule hii, nikijua ya kuwa na yeye atayasoma.

Watu wengi wakisikia habari ya sanaa huuliza hivi: "Ikiwa mtu amezaliwa na kipawa, aende chuoni kutafuta nini? Na ikiwa hana, chuo kitampa?" Swali hili si la kipumbavu. Mimi nalo lilinisumbua sana, mpaka siku nilipopata jibu lake kwa ajili ya mtungi.

Nilipokuwa kidato cha tano, mwalimu wetu aliweka mtungi wa maji juu ya meza akatuambia tuuchore. Nikamaliza kabla ya wenzangu wote, nikakaa nikijivuna. Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu, akauliza, "Je, mtungi huu ukitiwa maji, yatakaa?" Nikatazama karatasi yangu. Mdomo wa mtungi nilikuwa nimeuchora mviringo kamili, kama sahani iliyotundikwa ukutani, na kitako nilikipiga mstari ulionyooka kwa rula. Yaani mdomo ulionekana kama kwamba mtu anauangalia kutoka juu, na kitako kama kwamba ameinama chini kabisa. Mwalimu akasema, "Umechora unachokijua, hukuchora unachokiona. Weka kalamu chini, utazame robo saa."

Nikatazama. Nikaona ya kuwa mdomo, kwa vile ulikuwa chini kidogo ya macho yangu, haukuwa mviringo kamili bali mviringo uliobanwa. Nilipoinama mpaka macho yakawa sawa na mdomo, ule mviringo ukageuka kuwa mstari tu. Na kitako, kwa kuwa kilikuwa chini zaidi, kilipinda kuliko mdomo. Kisha nikaona jambo lililonishangaza zaidi. Upande wa kivuli, mahali penye giza nyingi hapakuwa ukingoni. Giza lilikuwa ndani kidogo, na ukingo wenyewe ulikuwa na mwanga hafifu uliotoka mezani na kurudi juu ya mtungi. Mitungi nimeiona tangu kuzaliwa, maana bibi yangu ni mfinyanzi, lakini mwanga ule sikuwa nimeuona hata siku moja.

Hilo ndilo jibu. Kipawa huenda kikampa mtu mkono mwepesi, lakini jicho hufundishwa. Na kazi ya kwanza katika masomo ya sanaa, kabla ya rangi na kabla ya sifa, ni kulifundisha jicho.

Katika likizo iliyopita mwalimu alituchukua wanafunzi watatu kwenda kuitazama shule ya sanaa ya Makerere. Nilidhani nitakuta vyumba vya kimya na picha zilizotundikwa. Nilikuta mahali pa kazi hasa, penye vumbi la mbao, harufu ya rangi, na udongo uliofunikwa vitambaa vyenye maji ili usikauke. Mwanafunzi mmoja alikuwa akifinyanga kichwa cha mtu, na kila mara alipima kwa vijiti viwili umbali wa jicho na sikio, kisha akabandua udongo aliokuwa ameuweka muda si mrefu. Nikamwuliza kama amekosea. Akajibu, "Hapana, ndugu yangu, natafuta." Huko hujifunza kuchora, kupaka rangi, kuchonga, kufinyanga vyombo na kuvichoma katika tanuri, kufuma na kutia nakshi nguo, kuchapa picha, na siku hizi hata kubuni kwa kompyuta. Kisha, pamoja na hayo yote, kuna darasa la historia ya sanaa, ambako wanaweka patasi chini, wanashika vitabu na kuandika insha kama wanafunzi wengine wa chuo.

Hapa ndipo wenzangu huuliza: mchongaji ana haja gani na historia? Jibu limo katika habari za shule ile yenyewe.

Shule ile ilianzishwa mwaka 1937 na Mwingereza mmoja, Bibi Margaret Trowell, mke wa daktari. Mwanzo ilikuwa mafunzo madogo tu aliyoyatolea nyumbani kwake, na leo shule hiyo inaitwa kwa jina lake. Bibi huyu alikuwa amesomea uchoraji London, katika shule ya Slade, lakini hakutaka kuwamiminia wanafunzi wake mbinu zote za Ulaya. Alichelea kwamba watakuwa waigaji tu. Kwa hiyo aliwasimulia hadithi au tukio fulani, kisha akamwacha kila mmoja achore alivyoona moyoni mwake. Pia alikusanya na kuandika habari za vyombo, mikeka, ngoma na nguo za makabila ya Uganda, akiwaonyesha wanafunzi kuwa kwao kulikuwa na sanaa kabla yake.

Alipoondoka mwaka 1958, akafuata Cecil Todd, mtu wa Afrika Kusini, naye mawazo yake yalikuwa mbali na hayo. Yeye alifundisha kwa bidii kuchora mwili wa binadamu, elimu ya rangi, na historia ya sanaa ya dunia. Maana yake ilikuwa hii: kwa nini mwanafunzi wa Afrika anyimwe ujuzi wanaopewa wanafunzi wa mahali pengine?

Nani alikuwa na haki? Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na aliyenisaidia ni Sam Ntiro. Alizaliwa Machame, katika Kilimanjaro, mwaka 1923. Akasoma kwa Bibi Trowell, akafundisha Makerere, kisha katika miaka ya 1950 akaenda kusoma Slade, pale pale aliposoma mwalimu wake. Huko hapana shaka aliona namna zote za kutia kivuli na za kuonyesha umbali. Lakini ukitazama picha zake utawakuta Wachaga wakivuna, wakichunga, wakibeba ndizi, kwa rangi zilizo wazi, bila kivuli kizito, na watu wa mbali wanaonekana dhahiri kama wa karibu. Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Ntiro huyo huyo akawa Balozi wake London.

Mtu asiyejua akiona picha zile atasema, "Hakujua kutia kivuli." Mwenye kujua historia atasema, "Alijua, akachagua." Tofauti ya maneno haya mawili ni kubwa mno, na ndiyo sababu ya mkono na historia kufundishwa pamoja. Mimi nilipokosea mtungi wangu sikuchagua kitu, nilikosea tu. Anayejua njia moja hana la kuchagua. Mkono ukizoezwa huweza kufanya mengi, na historia humwonyesha mtu ya kuwa njia ni nyingi, na kila moja ilikuwa na sababu yake kwa watu walioitumia. Basi naona Bibi Trowell na Bwana Todd kila mmoja alishika nusu ya jambo.

Historia ya sanaa si kukariri majina na miaka, ingawa hayo yamo. Mwanafunzi hufundishwa kukiuliza kitu maswali. Kimetengenezwa kwa nini? Nani alikiagiza? Kiliwekwa wapi, kitazamwe na nani? Kabla yake kulikuwako nini? Chukueni kwa mfano ile sanamu ya Uhuru iliyoko katikati ya mji wa Kampala, ambayo wengi wetu tumepita mbele yake bila kugeuza shingo. Ilifanywa na Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, aliyekuwa mwalimu hapo Makerere, kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1962. Ni ya saruji. Mama amezungushiwa vitambaa mwili mzima kama aliyefungwa, naye amemwinua mtoto juu, na mtoto amenyosha mikono. Ukiuliza maswali yale utaona kwamba mchongaji hakumfanya mfalme wala askari juu ya farasi, kama zilivyo sanamu nyingi za miji mikubwa ya Ulaya. Alimfanya mama ambaye vifungo vyake bado viko mwilini, na aliye huru ni mtoto. Nilipolitambua hilo nilisimama pale hata rafiki zangu wakaniacha.

Tena katika Murang'a, nchini Kenya, Elimo Njau, aliyesoma Makerere, alichora mwaka 1959 picha tano kubwa katika kanisa kuu la ukumbusho, za maisha ya Bwana Yesu, na nchi inayoonekana nyuma ni ile ile ya Wakikuyu wanaosali humo. Nani aliyetazama, na wapi? Maswali ni yale yale.

Sasa nije kwenye neno la Baba. Nilipokuwa kidato cha tatu niliandika kibao cha duka moja nipate pesa za daftari. Nikaanza kwa herufi pana za kupendeza, na nilipofika neno la mwisho nafasi ikaisha, herufi zikabanana kama abiria wa teksi siku ya soko. Kibao hicho kipo mpaka leo, na Baba hupita hapo kila Jumapili. Nilipomwambia habari ya Makerere akasema, "Mwanangu, miaka yote hiyo ya ada, mwisho uandike vibao?"

Sitaki kumdanganya yeye wala ninyi. Wachoraji wanaoishi kwa kuuza picha zao peke yake ni wachache. Waliosoma sanaa wengi ni walimu. Wengine hubuni nguo, vyombo na vitabu, wengine wamo katika magazeti, viwanda na majumba ya makumbusho. Mshahara wa hakika hauahidiwi na mtu.

Lakini nilimjibu kwa jambo analolikumbuka vizuri, yaani moto wa Kasubi. Nyumba kubwa ya makaburi ya Makabaka, iliyojengwa mwaka 1882, iliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Kuijenga tena hakukuwa kazi ya fedha tu. Walihitajika watu wanaojua namna ya kufunga nyasi za paa lile, na namna ya kuitengeneza nguo ya gome la mti mutuba inayotundikwa ndani, tena picha na maandishi ya kuonyesha kila kitu kilikaa wapi. Ilichukua miaka mingi, na ni mwaka 2023 ndipo UNESCO ilipoitoa Kasubi katika orodha ya mahali penye hatari. Nikamwambia, "Baba, ikiwa hakuna anayejifunza vitu hivi kwa mkono na kwa maandishi, vikiungua vimekwisha." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Na mitungi ya bibi yako, umeiandika?" Nikaona haya, maana sikuwa nimeiandika.

Tangu siku hiyo nina daftari. Nimechora namna bibi anavyoanza kitako, anavyopandisha ukuta wa mtungi kwa vipande virefu vya udongo bila gurudumu lolote, na anavyousugua kwa jiwe laini kabla ya kuuchoma. Yeye hunicheka, lakini akiona nimekosea hunirekebisha.

Kwa wadogo zangu mnaopenda somo hili, shauri langu ni fupi. Kila siku choreni kitu kimoja kilicho mbele ya macho, hata kiatu. Msiziache insha, maana mtu asiyeweza kuandika atataabika katika historia ya sanaa. Na mkipita mbele ya sanamu, geuzeni shingo.

Baba amenipa ada ya fomu kwa sharti moja, kwamba chaguo la pili liwe ualimu. Nimefanya hivyo. Majibu hayajaja, na kibao cha duka bado kipo. Mwenye duka amenikubalia nikiandike upya likizo ijayo, bila malipo, na safari hii nitapima nafasi kwanza.