Usiilaumu Runinga

Tarehe 28 Januari 2024, mjini San Pedro, Kodivaa, kipa wetu wa Kongo (DRC), Lionel Mpasi, alipiga penalti mwenyewe akaitoa Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Chukua kipande cha video ya penalti ile, kiwe kimepakuliwa na kutumwa upya mara kadhaa kabla ya kufika kwetu Wamaza. Kwenye simu kinapendeza. Kiweke kwenye runinga ya kibanda cha video: nyasi zimekuwa zulia moja la kijani, mashabiki ni miraba mitupu, namba mgongoni haisomeki.

Mwenye kibanda hulaumiwa bure. Video ghafi ya 1920 kwa 1080, yenye fremu 25 kwa sekunde, ina zaidi ya gigabiti 1 kila sekunde. Lazima ibanwe hadi megabiti chache, pengine isifike hata moja. Programu inayoibana hutuma picha nzima mara mojamoja tu. Katikati hutuma kilichobadilika. Msomaji wa habari aliyetulia kitini hutoka safi. Mpira ndio balaa: kamera inakimbia, umati unaruka, kila kitu ni kipya. Biti zikipungua, vitu vidogo ndivyo hutupwa kwanza. Rangi nazo hupunguzwa tangu mwanzo: katika video nyingi pikseli nne hugawana rangi moja, ndiyo maana kingo za jezi nyekundu huchuja.

Video ya 640 kwa 360 ina pikseli 230,400. Runinga ya inchi 32 mara nyingi ina 1366 kwa 768, zaidi ya mara nne, na zinazopungua inazikisia. Simu pia hukisia, ila kioo chake ni kidogo, jicho halioni. Kuongeza ukali wa picha kwa rimoti hakurudishi kilichotupwa. Huchora tu mistari myeupe kandokando ya maumbo. Afadhali uupunguze.

Penalti ya Mpasi imehifadhiwa na vituo vya televisheni. Kinachoniuma ni video za harusi zetu na za sauti na sura za wazee wetu, tunazowatumia ndugu walioko Kindu au Kalemie. Simu ikijaa tunafuta ile ya asili, tunabaki na iliyobanwa. Video ya namna hiyo itume WhatsApp kama hati. Itakula mega nyingi, lakini itafika kama ilivyorekodiwa. Mega zikikosekana, mpe msafiri kadi ya memori.