Picha Isiyo na Sanadi

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wazee wetu, nasi tukakua tukiamini hivyo. Zama zimegeuka, ndugu msomaji. Siku hizi mwenye macho yapasa aambiwe tazama, kisha aambiwe tazama tena, maana katika simu iliyo mfukoni mwake hupita kila siku picha za mambo yaliyotukia na picha za mambo ambayo hayakutukia kamwe, na zote mbili hucheka, hulia na hutoka damu kwa namna moja.

Mashine ziitwazo akili unde zaweza leo kumtia mtu kinywani maneno asiyoyasema, kwa sauti yake mwenyewe, na kumsimamisha mahali asipopata kufika. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya hatari ya watu kuamini uongo huo. Mimi nataka kusema juu ya hatari ya pili, ambayo kwetu sisi wa pwani ya kusini naiona kubwa zaidi. Nayo ni hii: mdhalimu atakapoonyeshwa picha ya kweli ya dhuluma yake, atajibu kwa utulivu kwamba picha hiyo imetengenezwa na mashine, na watu watamsadiki.

Kwa nini naiona kubwa zaidi kwetu? Kwa sababu Kwale yajua vizuri maana ya jambo kutendeka na kukosa kumbukumbu. Tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, na fujo zile, ambazo watu wamezoea kuziita za Kaya Bombo, zikaenea katika pwani ya kusini. Watu zaidi ya 100 waliuawa, wengi wao wenye asili ya bara, na wengine wapatao 100,000 wakahama makwao. Kisha vikosi vya serikali vikaingia vijijini kuwasaka wahalifu, na mashirika ya haki za binadamu yakakusanya masimulizi ya vijana wa Kidigo waliokamatwa na kuteswa. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998, ikasikiliza mashahidi, ikamaliza ripoti yake mwaka 1999, lakini umma haukuiona ripoti hiyo mpaka mwaka 2002. Wakati huo simu zenye kamera hazikuwapo. Kilichokuwapo ni ulimi tu, na ulimi wa maskini mbele ya sare huwa mwepesi kama usufi.

Tofauti inayoletwa na picha tuliiona Mombasa, ng'ambo ya kivuko, tarehe 2 Februari 2014, polisi walipouvamia Masjid Musa mtaani Majengo. Watu zaidi ya 100 walikamatwa siku ile. Kijana mmoja miongoni mwao hakurudi kwao. Lakini picha iliyochapishwa gazetini ilikuwa imemwonyesha akiwa mikononi mwa polisi, na kwa hiyo hapakuwa na njia ya kukana kwamba alikamatwa. Polisi walidai kuwa alitoroka alipokuwa akisafirishwa. Hakuonekana tena. Picha ile haikumrudisha kwa wazazi wake, ila iliziba mlango mmoja wa uongo: haikuwezekana kusemwa ati hakupata kushikwa.

Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti yenye visa 81 vya watu wa pwani waliouawa au kupotezwa tangu mwaka 2012. Ukiisoma utaona ni familia chache mno zilizobahatika kuwa na picha ya namna ile. Sasa jiulize, msomaji: lau picha ya Masjid Musa ingepigwa leo, jibu lingekuwa lipi? Yumkini tungeambiwa mapema sana kwamba ni kazi ya akili unde, na mlango uliozibwa ungefunguka tena.

Hoja hii sikuibuni mimi. Mwezi Julai 2018 ilienea video ya wanajeshi wa Cameroon wakiwapeleka wanawake wawili na watoto wao wadogo pembeni ya njia, wakawaua. Serikali ya nchi hiyo ikasema ni habari ya uongo. Waandishi wa BBC hawakubishana kwa maneno. Waliuchukua mstari wa milima ulioonekana nyuma ya wauaji, wakaulinganisha na picha zilizopigwa kutoka angani, wakapata mahali penyewe, karibu na Zelevet, jirani na mpaka wa Nigeria. Wakaziangalia nyumba, ipi imejengwa na ipi imebomolewa. Kisha wakavipima vivuli vya wale wanajeshi, kana kwamba kila askari alikuwa kijiti cha saa ya jua, wakathibitisha kwamba mauaji yalitendeka kati ya tarehe 20 Machi na tarehe 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi ya nchi hiyo hiyo iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10.

Niliposoma habari ya vivuli vile nilimkumbuka maalim wangu wa chuoni. Kabla ya saa za ukutani kuenea vijijini, yeye alikuwa akichomeka kijiti uani na kututuma tukaangalie. Kivuli kikiisha kufupika na kuanza kurefuka, adhuhuri imeingia. Kikifika urefu wa kijiti chenyewe, ukiongeza na kile kilichobaki jua lilipokuwa utosini, alasiri imeingia. Hatukujua kwamba tulikuwa tukifundishwa elimu ambayo siku moja ingewashtaki wauaji.

Na hapa kwetu kivuli kina siri nyingine. Kibla chetu, kuanzia Likoni hadi Vanga, kinaelekea kaskazini karibu sawasawa. Katika Juni na Julai, kusi likivuma, jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na kivuli cha mtu hukipa kibla mgongo. Katika Desemba na Januari, wakati wa kaskazi, jua huwa kusini na kivuli hukielekea kibla. Basi mtu akileta video ya mchana iliyopigwa mbele ya msikiti wa Diani, akadai ni ya Desemba, nawe ukaona vivuli vimeelekea kusini, umekwisha kumshika. Wavuvi wa Msambweni nao wana saa yao, ambayo ni maji kujaa na kupwa. Picha ya ufukweni yenye miamba wazi haiwezi kuwa ya saa ambayo bahari ilikuwa imejaa. Mashine yaweza kuchora bahari, lakini bahari ya kweli ina zamu yake, na majira ya maji hujulikana.

Hata hivyo vivuli na maji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ile waliyoifanya maulamaa wa hadithi. Wanafunzi wa Kurani wajua kwamba hadithi ina sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na sanadi, yaani mnyororo wa watu walioipokea mmoja kwa mwenziwe hadi kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Imamu Bukhari na wenzake hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza ni nani aliyesema, alisikia kwa nani, je, walipata kukutana, je, alikuwa mkweli, je, kumbukumbu yake ilikuwa nzuri. Pete moja ikikosekana, hadithi hudhoofika, hata ikiwa matini yake yapendeza namna gani.

Siku moja Msambweni, barazani baada ya alasiri, kijana alituonyesha video ya mtu mwenye sare akimpiga kwa rungu mwendeshaji wa bodaboda. Sote tuliguna kwa uchungu. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Mwanangu, hii kaipiga nani?" Kijana akajibu, "Imetumwa kwenye grupu, babu." Mzee akauliza tena, "Na huyo wa grupu kaipata wapi?" Kijana hakuwa na jibu. Huenda ilikuwa Ukunda, huenda ilikuwa Uganda. Kama yule mwendeshaji alipigwa kweli, basi haki yake ilipotea mara mbili: kwanza pale alipopigwa, na pili pale picha yake ilipoanza safari bila ya kuandikiwa jina la mahali, siku wala mpigaji.

Twaishi jirani na Tanga, na wengi wetu tuna jamaa ng'ambo ya Lungalunga. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilizimwa kule kwa siku kadhaa. Ilipofunguliwa, video za watu waliopigwa risasi zilimiminika. Zile zilizosimama imara mbele ya dunia ni zile ambazo waandishi waliweza kulinganisha barabara na majengo yake, mahali kwa mahali. Zilizokosa alama zilizama pamoja na uvumi, ijapokuwa huenda nyingine zilikuwa za kweli tupu.

Basi nini cha kufanya? Nimewauliza wanaojua kazi hii, na haya ndiyo niliyoyapata. Ukipiga video ya dhuluma, usikimbilie uso wa mtu peke yake. Uzungushe mkono polepole, uonyeshe mnara wa msikiti, mbuyu, kibao cha duka, mlingoti wa stima. Taja kwa sauti mahali, tarehe na saa, kama wewe mwenyewe hutahatarika. Usiikate wala kuitia muziki. Nakala ya asili ibaki katika simu, na nyingine iwekwe kwa mtu mwaminifu. Ukiituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida, hubanwa na kupoteza habari zake za ndani, kwa hiyo itume kama faili. Kisha keti uandike: nani alipiga, nani alikuwapo, nani alipokea nakala na lini. Hiyo ndiyo sanadi yako.

Sheria yetu nayo yataka hivyo hivyo. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinahitaji cheti cha kueleza ni chombo gani kilichotumika na kumbukumbu ilipatikanaje. Na kazi hii yazaa matunda. Mwaka 2015 Chama cha Kimataifa cha Mawakili kilianzisha programu ya simu iitwayo eyeWitness to Atrocities, ambayo huandika mahali na saa wakati ule ule wa kupiga, na kuifunga faili kwa alama ya siri ili ikiguswa ijulikane. Mwaka 2018, huko Bukavu, mashariki ya Kongo, picha zilizopigwa kwa programu hiyo zilikuwa miongoni mwa ushahidi uliowatia hatiani viongozi wawili wa wapiganaji walioua wanavijiji. Tusitegemee sana mashine za kuitambua akili unde, kwani nazo hukosea, hasa video ikiwa imebanwa na kupita mikono mingi.

Yako mambo mawili ambayo sitaki kuyaacha. La kwanza ni sitara. Aliyedhulumiwa ana heshima yake, na mwanamke aliyevuliwa nguo na wahuni hahitaji kuvuliwa tena na simu elfu. Nakala ya asili, yenye nyuso wazi, ni ya wakili, ya mamlaka ya IPOA inayochunguza makosa ya polisi, au ya mashirika kama MUHURI na Haki Africa. Inayotolewa kwa watu, kama ipo haja ya kutolewa, ifichwe nyuso za wadhulumiwa na mashahidi. Mtu aweza kuuawa kwa sababu ya picha uliyoipiga kwa nia njema.

La pili ni zito zaidi. Wako vijana miongoni mwetu wanaodhani kwamba, kwa kuwa dhuluma ipo kweli, si vibaya kuitengenezea picha ya uongo ili watu waamshwe. Hilo ni kosa kubwa. Sura ya Al-Hujurat, katika aya yake ya 6, imetuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuiendea mbio, wala haikutenga habari zinazotufurahisha. Picha moja ya kughushi ikikamatwa, mdhalimu huipata silaha aliyokuwa akiitafuta: huinyanyua mbele ya watu, na kwa hiyo moja huzikana mia za kweli. Anayeghushi damu huwaibia waliomwaga damu yao kweli. Mama anayemtafuta mwanawe hana mali nyingine ila ukweli wake, na sisi hatuna ruhusa ya kumchanganyia na uongo.

Namalizia kwa ubeti, kama ilivyo ada ya ukurasa huu, na atakayetaka kunijibu kwa mengine karibu sana:

Ukitwaa ushahidi, uandike na mahali,
Taja na wako shahidi, na saa iliyo kweli,
Muongo akikaidi, kivuli kitajadili,
Picha isiyo sanadi, haijajenga dalili.